Sumuni Aliyoimeza Kendi

Mama Kendi tulimzika siku ya Alhamisi, kwenye kipande cha shamba alichonunua uzeeni upande wa chini wa Timau. Nilitoka Embu alfajiri na bado nilichelewa. Nilikuta hema limeshajaa, nikapewa kiti cha plastiki nyuma ya akina mama wa kanisa, na mmoja wao, bila kuniuliza mimi ni nani, akanifunika mabega kwa leso yake kwa sababu upepo wa mlimani ulikuwa unatukata. Mchungaji alisoma habari za marehemu: alikozaliwa, alikoolewa, watoto aliowalea, miaka mingi aliyowapikia uji watoto wa nasari, sauti yake ya kuimba. Yote yalikuwa kweli. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale nikingojea jambo moja lisomwe, huku nikijua halimo kwenye karatasi ile, maana wengi waliolishuhudia walikuwa wametangulia, na mwenyewe hakuwa mtu wa kujisimulia. Nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote ya kazi, na baadaye nikawafundisha walimu wao. Watu wakiniuliza kazi hii nilijifunza wapi, hutarajia nitaje chuo. Chuo nilikwenda, na kilinisaidia. Lakini kabla ya chuo kulikuwa na mwaka mmoja Timau, na katika mwaka huo kulikuwa na mama huyu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimemaliza shule bila kujua niende wapi, mtu wa kanisa letu akasema shamba moja kubwa la ngano huko Timau linatafuta msichana wa kukaa na watoto wa wafanyakazi. Sikujua baridi ni nini mpaka nilipofika. Walinipa chumba kilichokuwa nusu ya ghala la zamani. Nusu ya pili bado iliwekwa magunia, na ukuta wa mbao kati yetu ulipitisha vumbi la ngano na harufu ya dawa ya kuogeshea kondoo. Asubuhi maji ya kunawa yalikuwa na ngozi nyembamba ya barafu juu ya karai. Nilivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na nilipika viazi. Viazi vya kuchemsha, viazi na maharagwe, viazi vilivyopondwa na majani ya maboga, kisha tena viazi. Nikisikia hamu ya ndizi za kwetu Embu nilikuwa nasimama barabarani siku ya soko na kungojea basi la kutoka Meru mjini, kwa sababu utingo aliuza mikungu midogo juu kwa juu.

Kambi ya wafanyakazi ilikuwa na safu za nyumba za mbao zilizopakwa oili chafu zisiliwe na mchwa, na watu wake walitoka kila pembe: Wameru wa Tigania na Imenti, Wakikuyu wa Nyeri, Waturkana waliochunga kondoo wa shamba, mzee mmoja wa Mbeere, jirani na kwetu Embu, ambaye nilimchangamkia kama ndugu yangu wa damu. Ndiyo maana Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya nje ya mlango, Kiswahili cha kila mtu kwa namna yake. Nasari yenyewe, chekechea ya watoto wa kambi, ilikuwa ukumbi wa mbao uliotumika kwa kanisa siku ya Jumapili. Siku za kazi ulikuwa wangu na watoto wapatao thelathini, na tuliimba. Tuliimba kunawa, tuliimba kuketi, tuliimba siku za juma. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Aliyenitoa katika kuimba ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Mzee Mutwiri, nyapara wa ghala, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata siku ya jua. Alisimama mlangoni asubuhi moja, akasikiliza wimbo mpaka mwisho, kisha akaniita pembeni.

"Mwalimu, hii kuimba ni nzuri," alisema. "Lakini ninamtuma mtoto wangu dukani na shilingi, anarudi na kibiriti peke yake. Nikimuuliza chenji, ananiambia mwenye duka alisema imeisha. Wafundishe pesa. Mtoto ajue hii ni nini na hii ni nini."

Nikaanza kwa kuchora. Nilichora miviringo ubaoni, mkubwa na mdogo, nikaandika kumi, hamsini, moja. Watoto walisema ni mipira. Mmoja alisema ni mandazi. Siku ya mshahara wangu nikaenda dukani nikabadilisha noti nikapewa sarafu: ndururu za senti tano, senti kumi, sumuni, na shilingi chache. Nikazimwaga juu ya gunia sakafuni, watoto wakanyamaza ghafla kuliko nilivyowahi kuwanyamazisha mimi. Wengi wao hawakuwa wamewahi kushika sarafu ila kwa ile dakika ya kuipeleka kwenye dirisha la duka, ngumi imefungwa, na onyo la mama masikioni.

Kwanza niliwaacha wazishike tu. Wazizungushe, wazibiringishe, wasugue ile picha ya mtu upande mmoja na ngao upande wa pili. Kisha tukazitenga, za rangi ya shaba huku na nyeupe kule. Hilo waliliweza siku ya kwanza. Shida ilikuja tulipofungua duka. Nilipanga makopo matupu na vibuyu juu ya benchi, nikamkalisha mtoto mmoja kuwa mwenye duka, wengine wakaja kununua. Wale mnaokumbuka sarafu za wakati ule mtanielewa: senti kumi ilikuwa kubwa, nzito, ya kahawia, inajaza kiganja cha mtoto. Sumuni, ambayo ni senti hamsini, ilikuwa kidude cheupe chembamba, kidogo kuliko zote pale kwenye gunia. Ukimwambia mtoto wa miaka mitano achague, atachukua ile kubwa. Walisema senti kumi ni mama na sumuni ni mtoto wake. Nilieleza nikachoka. Niliweka sarafu tano za senti kumi kwa mstari, nikaweka sumuni moja mbele yake, nikasema hizi zote ni sawa na huyu mmoja. Waliniangalia kwa huruma, kama watu wanaomwangalia mgeni aliyepotea njia.

Ni Kendi aliyeelewa kwanza. Alikuwa msichana mdogo wa mwili, mwenye pua inayovuja na macho yasiyobanduka kwenye kitu. Mama yake alikuwa kibarua wa kupalilia na kuchimba viazi. Baba yake alikwenda kutafuta kazi ya barabara upande wa Isiolo na hakuna aliyejua kama aliipata. Siku hiyo Kendi alikuja dukani kwetu na senti kumi mkononi, akamwambia mwenye duka, mtoto mwenzake, "Nipe chumvi na kibiriti na sabuni." Mwenye duka akampa vyote, kwa sababu hela ilikuwa kubwa. Kendi akatazama makopo yale matatu, akaitazama sarafu, akayarudisha mawili. "Hii haitoshi," alisema. "Hiyo nyeupe ndiyo inatosha." Nilitaka kumbeba mabegani nizunguke naye kambi nzima. Nilikwenda kulala nikiwa na hakika kwamba mimi ni mwalimu.

Juma lililofuata tulikuwa tumeketi kuzunguka gunia, tunahesabu kwa zamu. Niliziweka sumuni kwenye mstari na kuwaita mmoja mmoja: zipo ngapi? Nilipohesabu mwenyewe niliona moja imepungua, nikadhani imeingia chini ya gunia. Nikamwita Kendi kwa sababu yeye nilijua hatakosea. "Kendi, sumuni ziko ngapi?" Hakujibu. Alinitazama, midomo imefungwa. Nikasema tena, kwa upole, maana nilifikiri ana aibu: "Sema tu, mama. Ziko ngapi?" Akafungua mdomo aseme nne. Nikasikia nusu ya neno. Kisha macho yakamtoka, akashika shingo kwa mikono miwili.

Mpaka leo naweza kuusikia ule mluzi mwembamba wa pumzi yake. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni, udenda ukamtoka, watoto wengine wakaanza kulia kwa pamoja. Nikampiga tena. Akakohoa, akameza, akavuta pumzi ndefu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imeenda." Kisha naye akaanza kulia.

Nilimbeba nikakimbia naye mpaka kwenye mashamba ya viazi. Akina mama waliinua migongo mmoja baada ya mwingine kadiri nilivyokaribia, kila mmoja akitazama kama mtoto niliyembeba ni wake. Mama Kendi aliponiona nimesimama mbele yake hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye sketi, akampokea mtoto, akaniuliza, "Amefanya nini?" Nikamwambia amemeza sumuni. Alinitazama kama ambaye hakusikia. "Sumuni ya nani?" aliuliza. Nikasema ya shule. Hakuniuliza kitu kingine mpaka Nanyuki.

Pikapu ya shamba ilikuwa inapeleka kondoo mjini. Mama na mtoto waliketi mbele, mimi nikapanda nyuma na kondoo. Hospitalini tulingoja kwenye benchi refu, Kendi akaomba maji, mama yake akamkataza asije akaisukuma mahali pabaya, nami sikujua kama ni kweli au si kweli. Walimpiga picha ya tumbo. Daktari, kijana mwenye miwani, aliishikilia ile picha kwenye dirisha, na tukaona mbavu za mtoto kama meno ya kitana, na chini yake kiduara cheupe, safi, kama mwezi.

"Hiyo ni mimi?" Kendi aliuliza.

"Ni wewe na pesa yako," daktari alisema. Kisha akatugeukia. "Hatari ilikuwa kwenye koo, na hapo imepita. Sasa mpeni ndizi, viazi, uji mzito. Muangalie kila choo, msikose hata kimoja. Akianza kutapika, au wiki ikiisha na haijatoka, mrudisheni tumpasue."

Nje, akimfunga mtoto mgongoni, Mama Kendi alisema, na hakuwa anasema nami: "Apasuliwe kwa sababu ya sumuni."

Njia ya kurudi nilifikiri jinsi ya kumwambia. Yeye akikaa nyumbani kumlinda mtoto hatalipwa, na alikuwa na mwingine mdogo, Mwenda, anayetambaa. Tuliposhuka kambini nikamwambia mchana Kendi atakaa nami nasari, chooni nitampeleka mimi, na jioni nitakuja kulala kwao tusaidiane.

"Kwetu hakuna taa," alisema.

"Nina yangu. Nitaibeba."

"Basi kuja," alisema.

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja. Kitanda cha mbao kilichukua nusu, mafiga yalikuwa kwenye kona karibu na mlango, na moshi ulitafuta njia yake mwenyewe kupitia mianya ya mabati. Sanduku la nguo lilikuwa meza. Jioni ile ya kwanza nilikuja na taa yangu ya kandili, blanketi, na ndizi nilizogombania kwa utingo wa basi. Mama Kendi alikuwa anaponda viazi kwa mwiko, uso wake ukionekana na kupotea kadiri moto ulivyoruka. Nilipowasha taa na kuiweka juu ya sanduku, chumba kilijitokeza chote mara moja: sufuria zilizong'arishwa kwa jivu zimeninginia kwenye misumari, kalenda ya zamani, gauni la Kendi la Jumapili. Kendi alikuwa amekaa kitandani anakula ndizi. Aliitazama taa kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mama yake kwa Kimeru, na Kiembu chetu hakiko mbali sana na Kimeru, nikaelewa:

"Mama, sasa tuko na taa. Ile iko tumboni haina kazi tena."

Mwiko ulisimama. "Ile gani?"

"Ile sumuni. Nilikuwa ninakuletea ya mafuta ya taa. Si ulisema hata mafuta ya sumuni imekushinda?"

Mama Kendi aliweka mwiko chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Aliketi kwenye kigoda, akavuta kitambaa cha kichwa akafunika nacho macho. Mimi nilibaki nimesimama na njiti ya kibiriti mkononi. Nilikuwa nimeelewa kila kitu kwa pamoja. Alikuwa ameificha shavuni, kama alivyoona akina mama wa sokoni wakifanya. Mtoto mwingine yeyote wa darasa langu angechukua ile kubwa ya kahawia, na ile isingepita kooni, hata mdomoni ingemjaa. Yeye alichukua ile ndogo nyeupe kwa sababu nilimfundisha ndiyo yenye thamani, na yeye alinisikia. Kisha nikamwita kwa jina, mbele ya wenzake, nikamlazimisha afungue mdomo.

"Mwalimu," Mama Kendi alisema chini ya kitambaa, kwa Kiswahili sasa, "mtoto wangu si mwizi."

"Najua, Mama Kendi. Hilo litabaki hapa ndani. Mimi sitalitoa."

Tulikula. Viazi vilikuwa vimepoa. Hakunitazama jioni ile yote, lakini alinipakulia kabla ya kujipakulia mwenyewe.

Nilikuwa nimefikiri siku zile zingekuwa za hofu tu. Hofu ilikuwepo. Kila asubuhi tulimkalisha Kendi kwenye karai, na mmoja wetu alikuwa na kijiti. Lakini watu wawili hawawezi kuchokora choo cha mtoto pamoja kila siku wakaendelea kuogopana. Jioni alianza kuniuliza habari za Embu, kama ni kweli kwetu watu hawavai sweta. Alinionyesha namna ya kulaza viazi kwenye majivu. Nilimsimulia jinsi watoto wa nasari walivyokuwa wakimsindikiza Kendi chooni kwa msafara na kungojea nje wakiuliza kwa pamoja, "Imetoka?", na jinsi mmoja alivyoniuliza kama itatoka na chenji. Alicheka mpaka akanipa Mwenda nimshike.

Nje ya nyumba ile mambo yalikuwa mengine. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya tangi la maji, najaza ndoo yangu, akina mama wawili wakawa upande wa pili kwenye bomba, hawakuniona.

"Ati aliwapatia pesa wacheze nayo," mmoja alisema.

"Msichana hajazaa, atajua aje mtoto anaweka nini kwa mdomo? Warudishe yeye kwao."

"Jumapili kamati inakaa. Mutwiri mwenyewe amekasirika."

Nilisimama pale mpaka ndoo ikafurika kwenye viatu vyangu. Sikuona kosa katika walichosema. Nisingekuwa mimi, ningesema hivyo hivyo.

Sumuni ilitoka Jumamosi asubuhi. Mama Kendi ndiye aliyekuwa na kijiti. Alisema, "Mwalimu," kwa sauti ndogo sana, nikaja, nikaiona. Tukashikana mikono juu ya karai lile, hatukujali. Aliiosha kwa maji ya moto na jivu, akaiosha tena kwa sabuni, akaifuta, akanyoosha mkono kunipa. Nikamwambia ainunulie mafuta ya taa.

"Hapana," alisema. "Hii ni ya shule. Kama ninaichukua, basi kweli aliiba."

Mkutano ulikuwa baada ya ibada. Wazazi waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa videvu, na mimi nikawekwa mbele kwenye kiti. Mzee Mutwiri alisema kwa kifupi. Mtoto alipona, tumshukuru Mungu. Lakini mtoto alikaribia kufa ndani ya shule, mikononi mwa mwalimu. Wazazi wanasema mwalimu hana uangalifu. Wanataka arudi kwao, watafute mtu mzima zaidi. Dereva mmoja wa trekta alisimama akasema yeye hana ubaya na mwalimu, ila angependa kujua jambo moja: sumuni ilifikaje mdomoni? Mwalimu alikuwa anatazama wapi?

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ulimi, na lingenisaidia, labda. Niliwatazama watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni, Kendi akiwa mmoja wao. Nikasema, "Watoto wadogo huweka vitu mdomoni. Nilipaswa kutazama zaidi." Nikasikia watu wakiguna. Mzee Mutwiri akaanza kuinuka, na nilijua anainuka kufunga mkutano.

Ndipo Mama Kendi aliposimama. Alikuwa nyuma kabisa, Mwenda mgongoni. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Sidhani kama wengi wao walikuwa wameshasikia sauti yake isipokuwa kanisani akiimba.

"Mimi ndio mama ya huyo mtoto," alisema. "Mwalimu anawaficha. Anaficha kwa sababu yangu. Kendi hakuwa anacheza na pesa. Aliichukua. Aliweka kwa mdomo aniletee, kwa sababu alinisikia nikilia mafuta ya taa. Nilikuwa ninaongea peke yangu, nikifikiri amelala."

Alipandisha mtoto mgongoni.

"Kabla ya huyu mwalimu kuja, Kendi hakuwa anajua sumuni inaweza kununua nini. Sasa anajua. Hiyo si kosa ya mwalimu. Na hii siku zote mwalimu amelala kwangu, chini, kwa baridi, na hakuniambia hata mara moja mtoto wangu ni mwizi. Mkimrudisha kwao, mjue mmemrudisha kwa sababu ya shida ya nyumba yangu. Mseme hivyo. Msiseme ni uangalifu."

Akaketi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa sababu machozi yalinishinda, na kwa hiyo sikuona nyuso za watu, jambo ninalolijutia. Nilisikia Mzee Mutwiri akikohoa. Alisema hilo neno limesikika, na hapa hakuna mtoto mwizi, kuna mtoto aliyesikia njaa ya mama yake. Mwalimu ataendelea na kazi. Pesa zitahesabiwa zikitoka na zikirudi, na kila mtoto atafungua mdomo kabla ya kwenda kucheza.

Watoto waliipenda sheria hiyo kuliko nyimbo zote. Walifungua midomo hata wasipoombwa, wamepanga mstari, vichwa nyuma, kama vifaranga wanaongojea kulishwa. Na ile sumuni niliirudisha kwenye gunia pamoja na zingine, wakagombania kuishika kwa juma zima mpaka wakasahau ni ipi. Kufikia mavuno ya ngano karibu wote walijua kwamba mtoto mweupe ana nguvu kuliko mama wa kahawia. Lakini nisidanganye kwamba mambo yote yalikwenda hivyo. Kulikuwa na mama wawili au watatu waliobadilisha njia wakimwona Mama Kendi, na wavulana wakubwa walimwita Kendi "Sumuni" mpaka alipoanza darasa la kwanza. Mama Kendi aliyalipia yale maneno, na alijua atayalipia alipokuwa anasimama. Muhula uliofuata mpishi wa uji aliolewa akahamia Mikinduri, na kamati ikampa Mama Kendi kazi ile. Sijui kama ilikuwa ni kwa sababu ya siku ile. Hakuna aliyesema. Mimi niliondoka mwisho wa mwaka kwenda chuoni, na tukawa watu wa kuonana kwenye harusi na misiba, kisha kwenye misiba tu.

Katika miaka yangu ya kufundisha walimu niliwaeleza mengi kuhusu sarafu: anza na za kweli, waache wazishike, usikimbilie kuhesabu. Sikuwaambia kwamba mtoto anayeelewa pesa ameanza pia kuelewa nyumba yake, na kwamba huwezi kumfundisha la kwanza ukamzuilia la pili. Hilo silijui namna ya kuliandika ubaoni.

Baada ya mazishi walitupakulia chakula. Nilikuwa nimekaa pembeni na sahani ya wali na nyama nilipoona mwanamke anakuja kwangu kati ya viti, mnene kidogo, nywele zimeanza mvi, amevaa koti jeusi. Anauza mbegu na mbolea Nanyuki, niliambiwa baadaye, na ana wajukuu. Macho yake hayakuwa yamebadilika. Alivuta kiti akaketi karibu sana, akanishika mkono na hakuuachilia.

"Mwalimu, ni wewe ulikuwa unalala kwetu?"

"Ni mimi, Kendi."

"Mama alikuwa anakutaja mpaka siku za mwisho."

Nikamuuliza kama anaikumbuka ile sumuni, hospitali, ile picha kwenye dirisha. Alitikisa kichwa.

"Nimehadithiwa na watu tu. Mimi mwenyewe sikumbuki hata kidogo. Hata koo kuuma sikumbuki." Alifikiri, akitazama upande wa kaburi ambako vijana walikuwa wakimalizia kupanga maua. "Kitu ninakumbuka ya huo mwaka ni moja. Nilikuwa nimelala upande wa ukuta, na taa inawaka, na nikasikia mwanamke anacheka ndani ya nyumba. Anacheka sana. Sikuwa ninaijua hiyo sauti. Nikafikiri tumepata mgeni mwingine, nikainua kichwa nione ni nani." Alinifinya mkono. "Nikaona ni mama."